Ukoo umemchagua kaka, mahakama haijamteua mtu: mirathi ya baba ianzie wapi?

Swali: Baba yetu alifariki miezi saba iliyopita hapa Mbagala. Sisi ni Waislamu. Ameacha mama yetu, bibi ambaye ni mama yake mzazi, na watoto watano: wa kiume wawili, wa kike watatu. Mmoja wa hao wa kike ni dada yetu mkubwa wa mke wa kwanza. Mama yake aliachwa zamani na yeye anaishi Kilwa. Mdogo wetu wa mwisho, wa kiume, ana miaka 14. Mali ni nyumba ya Mbagala yenye leseni ya makazi na wapangaji wanne, kiwanja Chanika chenye karatasi ya mauziano tu, na akaunti ya benki. Siku ya arobaini kikao cha ukoo kilimchagua kaka awe msimamizi. Tangu hapo anapokea kodi na hatoi hesabu. Anasema mahakamani hakuna haja kwa kuwa ukoo umeshamteua, na kwamba dada wa Kilwa asiandikwe. Niende mahakama gani, nianze na nini, na kaka akigoma nifanyeje?

Jibu: Pole kwa msiba, dada. Swali lako lina mambo mengi ndani yake, lakini fundo lake ni moja, na tukilifungua hilo mengine yatafuata.

Kikao cha ukoo hakiteui msimamizi wa mirathi. Kinapendekeza jina. Anayeteua ni mahakama, na uteuzi unaonekana kwenye karatasi moja tu: barua ya usimamizi, ambayo katika mahakama za mwanzo ni Fomu Na. 4. Mpaka karatasi hiyo itoke, kaka yako ni mtoto wa marehemu kama ninyi wengine, na kila shilingi anayopokea kwa wapangaji anaipokea kwa niaba ya mirathi isiyo na msimamizi. Benki haitamlipa, ofisi ya ardhi haitabadili jina, wala hawezi kumshitaki mtu anayedaiwa na marehemu. Hata akishaipata barua hiyo hatakuwa mwenye mali. Barua inampa kazi: kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa wenye haki na kutoa hesabu, na kazi hiyo ina tarehe. Familia nyingi za Dar es Salaam zinaumia hapa hapa. Barua inachukuliwa kama hati ya umiliki, inafungiwa kabatini, na miaka kumi baadaye wajukuu wanakuta nyumba bado ina jina la babu.

Sasa mahakama. Marehemu alikuwa Mwislamu na mirathi yake inafuata sheria ya Kiislamu, kwa hiyo mahakama ya mwanzo ina mamlaka. Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu, Sura ya 11, linaipa mahakama ya mwanzo mirathi inayofuata sheria ya Kiislamu au ya kimila, bila kujali ukubwa wa mali. Kinachoamua ni mahakama ya eneo gani ni makazi ya kudumu ya marehemu wakati wa kifo, yaani Mbagala, wilaya ya Temeke. Kiwanja kuwa Chanika, wilaya ya Ilala, hakubadilishi kitu, na asitokee ndugu wa kuwashauri mfungue kijijini kwa sababu "huko ni rahisi". Mirathi iliyofunguliwa mahakama isiyo na mamlaka huanguka hata kama imeshagawanywa, na mnarudi mwanzo mkiwa mmeshatumia pesa na uvumilivu. Kwa Temeke kuna Kituo Jumuishi cha Masuala ya Familia kilichoanza kazi 2021, kinachoshughulikia mirathi na ndoa, na ndani yake zipo ngazi za mahakama kuanzia ya mwanzo hadi Mahakama Kuu. Anzia masjala yake. Sema marehemu aliishi mtaa gani na alikuwa dini gani, nao watakuelekeza dirisha la kufungulia.

Neno kuhusu kadhi, maana hili huchanganya watu. Tanzania Bara hakuna mahakama ya kadhi yenye nguvu za dola, iko Zanzibar. Ofisi ya kadhi chini ya BAKWATA, Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, inaweza kuwapigia hesabu ya mafungu na kuwapatanisha, na ni msaada mzuri sana. Lakini barua yao haifungui akaunti ya benki. Itumieni kwa hesabu, kisha hesabu hiyo ipelekeni mahakamani.

Kabla ya mahakama, cheti cha kifo. Kibali cha mazishi hakitoshi, wala karatasi ya hospitali haitoshi; mahakama inataka cheti cha RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30. Ninyi mmevuka, kwa hiyo mtaingia kwenye usajili uliochelewa. Peleka tangazo la kifo mlilopewa hospitali, kitambulisho cha marehemu na cha kwako, na barua ya serikali ya mtaa. Angekuwa amefia nyumbani, mngehitaji uthibitisho wa mtendaji. Unaweza kuanza maombi kwa mtandao kupitia mfumo wa eRITA au kwenda ofisi ya RITA ya wilaya.

Ukiwa dirishani, kabla hujaondoka, soma jina herufi kwa herufi. Jina ndilo linalokwamisha mirathi za Dar kuliko ugomvi wa ndugu. Mtu aliitwa Salum Juma kwenye kitambulisho cha taifa, Salumu J. Mohamedi kwenye leseni ya makazi, na Mzee Salum kwenye karatasi ya mauziano ya Chanika. Kwa mtaa mzima ni mtu mmoja. Kwa benki ni watu watatu. Kusanya karatasi zote za mali, ziweke mezani pamoja na cheti cha kifo, ulinganishe. Tofauti ikiwapo, andaeni kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo kinachosema majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na kiambatishwe kwenye maombi tangu siku ya kwanza. Mkigundua tofauti baada ya barua ya usimamizi kutoka, itabidi mrudi mahakamani kurekebisha, na benki itawasubirisha.

Kisha muhtasari wa kikao. Mamlaka ya kuteua hayatoki kwenye muhtasari, yanatoka kwa mahakama, lakini kwa desturi masjala watauomba na hakimu atausoma kwa makini, kwa sababu unamwonyesha nani ni nani. Wa arobaini huenda haukuandikwa, au uliandikwa na kaka peke yake. Itisheni mwingine. Uwe na tarehe, mahali, majina kamili ya waliohudhuria na uhusiano wa kila mmoja na marehemu, orodha ya warithi wote hata wasiohudhuria, orodha ya mali na madeni, jina au majina yanayopendekezwa, na sahihi ya kila aliyekuwapo. Aliye mbali asiandikwe kama alikuwapo. Aandike barua yake ya kukubali au kukataa, aisaini, aambatishe fotokopi ya kitambulisho. Sahihi kumi zenye mwandiko mmoja zimeshaangusha maombi mengi.

Baba wadogo na mashangazi wanahudhuria, na busara yao inahitajika, ila waelezwe kwa upole: marehemu akiwa ameacha watoto wa kiume, ndugu zake hawarithi. Wanakaa kikaoni kama wazee na mashahidi. Wakilijua hilo mapema, kikao kinakuwa kifupi.

Dada wa Kilwa aandikwe. Hapa sina namna ya kulainisha. Amezaliwa ndani ya ndoa ya baba yenu. Kuachwa kwa mama yake kumemwondoa mama yake kwenye urithi, yeye hakumgusa. Fungu lake ni sawasawa na lako. Ukiacha haki yake, ambayo peke yake inatosha, kumficha ni kutega bomu chini ya mirathi nzima. Kanuni za Usimamizi wa Mirathi katika Mahakama za Mwanzo, Tangazo la Serikali Na. 49 la 1971, kanuni ya 9, zinaruhusu uteuzi ufutwe ukiwa umepatikana kwa udanganyifu, au mahakama ikiwa iliteua bila kujua jambo la msingi. Akijitokeza baada ya miaka mitatu na cheti chake cha kuzaliwa, barua inafutwa, na aliyenunua nyumba anaanza kuwatafuta. Mpigie simu wewe mwenyewe, wiki hii, umwambie mirathi inafunguliwa na umwombe cheti cha kuzaliwa na kitambulisho.

Kaka akigoma? Huna haja ya ruhusa yake. Sheria inasema mahakama inaweza kumteua mtu mmoja au zaidi mwenye maslahi katika mirathi, na binti wa marehemu ana maslahi sawa na mwana. Mjane pia. Mama yenu ameshamaliza eda, ambayo ni miezi minne na siku kumi, kwa hiyo anaweza kusimama mahakamani bila wasiwasi. Kwa hali mliyonayo, ushauri wangu ni kupendekeza wasimamizi wawili, mama na wewe, au wewe na kaka, kwa sharti kwamba benki na mauzo yanahitaji sahihi mbili. Wasimamizi wawili wana hatari yao: wasipoelewana, kazi inasimama. Lakini kusimama kunarekebishika kuliko nyumba kuuzwa usiku. Mkishindwa kabisa kukubaliana jina, iambieni mahakama hivyo hivyo. Ina uwezo wa kumteua ofisa wake au mtu mwingine mwaminifu asiyeegemea upande, na pia yupo Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye ofisi yake iko RITA na husimamia mirathi kama hizi.

Kufungua kwenyewe si kugumu. Unajaza Fomu Na. 1, maombi ya usimamizi. Ambatisha cheti cha kifo, muhtasari, barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha makazi ya marehemu, vitambulisho, cheti cha ndoa ya mama, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na fotokopi za karatasi za mali. Kama kuna wosia, weka. Usipouweka na ukatokea baadaye ni sababu nyingine ya kufutiwa. Ada inalipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, benki au kwa simu. Usimpe mtu fedha mkononi. Taja warithi wote kwa majina matatu, umri na mahali wanapoishi. Taja mali zote unazozijua, na kwa usiyo na uhakika nayo andika kwamba inafuatiliwa. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, na mtu mwenye nyaraka kamili anaweza kuisimamia mwenyewe. Mkihitaji msaada usio wa gharama, mashirika ya LHRC, TAWLA na WLAC hutoa msaada wa kisheria hapa Dar es Salaam.

Baada ya kufungua, mahakama inatoa tangazo la jumla, Fomu Na. 2, linalomwita yeyote mwenye pingamizi. Linabandikwa mahakamani na mahali alipoishi marehemu, na mara nyingi mtaagizwa mlitoe gazetini. Hakikisha limebandikwa kweli ofisi ya serikali ya mtaa. Lipige picha likiwa ukutani, na uhifadhi ukurasa wa gazeti. Anayetaka kupinga alete pingamizi lake kwa maandishi kabla ya siku ya kusikiliza, na lenye maana ni lile linalogusa sifa za mwombaji: kaficha warithi, anatumia mali, au si mwenye maslahi. "Simpendi" si pingamizi. Wala siku hiyo si ya kugombea kiwanja ni cha nani; hakimu kwanza anatafuta mtu wa kubeba kazi. Siku ya shauri nendeni warithi wote mnaoweza, kila mmoja na kitambulisho. Hakimu atamhoji mwombaji chini ya kiapo na kuwauliza wengine kama wanakubali. Anaweza kudai wadhamini, kwa hiyo mtafute wawili mapema, watu wenye makazi yanayojulikana.

Barua ikitoka, andika tarehe yake mahali mtakapoiona kila siku. Ndani ya miezi minne msimamizi anatakiwa kupeleka mahakamani Fomu Na. 5, orodha ya kweli na kamili ya mali na madeni. Baada ya hapo, kwa vipindi atakavyopangiwa, anapeleka Fomu Na. 6, yaani hesabu: kilichopokelewa, kilicholipwa, kilichouzwa, kilichogawiwa. Miezi minne isipotosha, aombe kuongezewa muda kabla haijaisha, si baada. Warithi wengi hawajui kwamba wanaweza kwenda masjala kuuliza kama fomu hizo zimeletwa na kuomba kuziona. Zisipoletwa, andika barua kwa hakimu, namba ya shauri juu, umwombe amwite msimamizi. Karatasi moja kama hiyo huamsha wasimamizi wengi waliolala.

Kodi ya wapangaji inaingia kwenye hesabu hiyo, pamoja na ya miezi saba iliyopita. Tuseme vyumba vinne, kila kimoja 50,000: ni 200,000 kwa mwezi, na kwa miezi saba 1,400,000. Kaka aseme amepokea kiasi gani na ametumia nini. Kama kalipa deni la marehemu, ada ya mdogo wenu au choo kilichojaa, alete risiti na atarudishiwa au itahesabiwa. Kisichokuwa na maelezo kinakatwa kwenye fungu lake wakati wa kugawa. Mwambieni hivyo sasa, kwa lugha ya undugu. Mara nyingi mtu anayejua kwamba hesabu inakuja huanza kuandika. Msimamizi akishapatikana, awaandikie wapangaji barua wakiambatishiwa nakala ya Fomu Na. 4, kodi ilipwe kwenye akaunti moja.

Kuna hatua familia nyingi huiruka, na anayeumia ni mama. Kabla ya kugawa, tenganisheni mali ya marehemu na mali ya mjane. Kinachorithiwa ni cha marehemu tu. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 60, inachukulia kwamba mali iliyoandikwa jina la mwanandoa mmoja ni ya huyo, mpaka ithibitishwe vinginevyo; ikiwa na majina ya wote wawili, inachukuliwa kuwa wana haki sawa. Leseni yenu kama ina jina la baba pekee, mama ndiye wa kuleta ushahidi: mkopo wa vikoba ulionunua bati, risiti za saruji, fundi aliyelipwa na yeye, majirani waliomwona akipika na kuuza huku msingi ukipanda. Aseme hayo mapema, mbele ya mahakama ya mirathi, ambayo ina uwezo wa kuamua kipi ni cha mirathi na kipi si cha mirathi. Kukaa kimya leo kwa aibu ya wakwe, kisha kudai kesho nyumba ikishauzwa, ni njia ndefu sana. Vilevile, chini ya kifungu cha 59, ndoa ikiwa bado ipo, nyumba wanayoishi wanandoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi. Mnunuzi mwenye akili atamuulizia mama.

Halafu hesabu. Mpangilio ni gharama za mazishi, madeni ya marehemu, wasia usiozidi theluthi moja na usio kwa mrithi, ndipo urithi. Kwenye madeni, kama baba alikuwa na mkopo benki, ulizeni kwanza kama ulikuwa na bima ya maisha. Mikopo mingi ina bima inayofuta deni mkopaji akifariki, lakini benki inahitaji kuletewa cheti cha kifo. Kilichobaki kinagawanywa: mjane thumuni, yaani moja ya nane, kwa kuwa kuna watoto, mama wa marehemu sudusi, moja ya sita, kinachobaki ni cha watoto, mwana mafungu mawili na binti fungu moja.

Tuseme vyote, baada ya madeni na baada ya kutoa haki ya mama, vimefika shilingi 84,000,000. Mama yenu anapata 10,500,000. Bibi anapata 14,000,000. Inabaki 59,500,000. Wana wawili ni mafungu manne, mabinti watatu ni mafungu matatu, jumla saba; fungu moja ni 8,500,000. Wewe na dada zako wawili, wa Kilwa akiwemo, kila mmoja 8,500,000. Kaka na mdogo wenu kila mmoja 17,000,000. Jumlisheni mhakiki, inarudi 84,000,000. Hesabu hii iandikeni kwenye karatasi ya mgawanyo na kila mrithi mtu mzima asaini mbele ya msimamizi. Mrithi akitaka kumwachia mwenzake sehemu ya haki yake, ruksa, lakini kwanza ajue haki yake ni kiasi gani. Kumshawishi mama "awaachie watoto" kabla hajaiona namba hiyo si kumtendea wema.

Fungu la mdogo wenu wa miaka 14 halikabidhiwi kwa kaka mkubwa kwa mdomo. Liwe kwenye akaunti ya mtoto au kwa utaratibu atakaoagiza hakimu, mlezi akitoa fedha kwa mahitaji yanayoeleweka kama ada. Liandikwe waziwazi kwenye Fomu Na. 6.

Nyumba haikatiki vipande saba. Njia ni tatu: kuiuza na kugawa fedha, mmoja kuwalipa wenzake mafungu yao na kuimiliki, au kuiacha na kugawana kodi kwa uwiano ule ule. Ya tatu inaonekana ya upendo na mara nyingi ndiyo inayoleta ugomvi, kwa sababu nani atengeneze paa hajulikani. Mkiichagua, wekeni maandishi na kikomo cha muda. Kwa mbili za kwanza leteni mthamini aliyesajiliwa, si dalali wa mtaani. Msimamizi akitaka kununua yeye, aieleze mahakama kwanza na warithi wajue bei.

Jambo hili lijueni kabla hamjapendekeza jina: msimamizi akishateuliwa, kisheria anaweza kuuza mali ya mirathi bila kupata ridhaa ya kila mrithi. Mahakama ya Rufani ilisema hivyo katika uamuzi uliochapishwa kwenye ripoti za sheria za 1994. Ndiyo maana kumchagua mtu ni kazi kubwa kuliko kumfukuza baadaye, na ndiyo maana nasisitiza sahihi mbili.

Kwa nyumba ya Mbagala, angalia tarehe ya leseni ya makazi. Ina muda wake, na kama imekwisha ihuishwe. Manispaa watataka barua ya usimamizi, leseni ya awali, cheti cha kifo, na kodi ya ardhi iwe imelipwa. Mngekuwa na hati miliki, utaratibu ungekuwa wa hatua mbili kwa Msajili wa Hati: kwanza msimamizi anaandikishwa kwenye hati kwa nafasi yake ya usimamizi mahali pa jina la marehemu, chini ya kifungu cha 67 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi, Sura ya 334, ndipo mali inahamishiwa mrithi au mnunuzi. Anayeruka hatua ya kwanza anarudishwa dirishani.

Kiwanja cha Chanika ndicho kinachonipa hofu. Karatasi ya mauziano pekee, mwenye nacho amefariki, pengine hakuna hata ukuta: hivyo ndivyo viwanja vinavyouzwa mara ya pili. Nenda na karatasi hiyo ofisi ya serikali ya mtaa wa huko, utafute mwenyekiti au mjumbe aliyeshuhudia, muuzaji na majirani wa mipaka. Wape taarifa kwa maandishi kwamba mmiliki amefariki na mirathi inafunguliwa, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Hilo halisubiri barua ya usimamizi. Mrithi yeyote anaweza kulifanya kesho. Mkikuta tayari kuna mtu anadai amenunua, msimamizi ndiye atakayefungua madai kwenye chombo cha ardhi kwa niaba ya mirathi. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12. Usiutegemee, mashahidi hawadumu hivyo.

Benki ni rahisi ukiwa na karatasi kamili. Fedha hulipwa kupitia akaunti ya mirathi kwa maelekezo ya mahakama, kisha kwa warithi, kwa hiyo kila mrithi awe na akaunti yenye jina lililo sawa na kitambulisho chake. Anayeendelea kutoa fedha kwa kadi na namba ya siri ya marehemu aache leo; taarifa ya benki inaonyesha kila muamala wa baada ya tarehe ya kifo, na itaombwa. Salio la M-Pesa na mitandao mingine ni mali pia. Kama baba alichangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, mafao ya wategemezi yana fomu zake na watu wake wanaotajwa na sheria ya mfuko. Mama aulizie huko moja kwa moja, asisubiri nyumba.

Itakapotokea msimamizi anakula mali, ombi linapelekwa mahakama ile ile iliyomteua, chini ya kanuni ya 9 niliyoitaja, likionyesha kwa ushahidi kile alichofanya au alichoacha kufanya. Usiporidhika na uamuzi wowote, rufaa inakwenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30, na kutoka hapo Mahakama Kuu ndani ya siku 30 nyingine. Omba nakala ya uamuzi siku ile ile unaposomwa. Mgawanyo ukikamilika, peleka Fomu Na. 6 ya mwisho na muombe shauri lifungwe. Kila mrithi achukue nakala yenye muhuri.

Nimebakiza bibi. Fungu lake ni haki aliyoipata tangu dakika ile mwanawe alipofariki. Akifariki kabla ya kugawiwa, fungu lile halirudi kwenu. Linakuwa mali yake, linakwenda kwa warithi wake yeye, wakiwemo hao baba wadogo na mashangazi ambao leo hawamo, na itahitajika mirathi ya pili kufunguliwa kwa ajili yake kabla ya ya kwanza kufungwa. Ana kitambulisho cha taifa? Ana akaunti? Kama hana, hicho kianze sambamba na cheti cha kifo, na siku ya shauri akodiwe bajaji afike mahakamani yeye mwenyewe.